Vidonge Vinne vya Jumatano

3 Machi

Mdogo wangu, Bwana Vipimo,

Natumaini maji ya bwawa lako yanapanda na kushuka kwa adabu, na wewe unayaandika kwenye daftari kila siku saa tatu kamili asubuhi kama kawaida yako. Laiti simu ingeshika huko, ningekupigia nikulilie masikioni. Kwa kuwa haishiki, vumilia mwandiko.

Unakumbuka nilikwambia vidole vimenikaza tangu mwaka jana? Nimezunguka mpaka nimechoka. Wa kwanza alisema ni uchovu, nipumzike. Wa pili akasema ni umri. Umri! Miaka arobaini na mbili! Wa tatu hata hakunishika mkono, aliandika vidonge vya maumivu huku anaongea na simu. Wa nne ndiye huyu daktari wa viungo, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Alinibonyeza kifundo kimoja kimoja mpaka nikaona nyota, akanitoa damu, akanipiga picha za mikono. Leo nimerudi kuchukua majibu. Baridi yabisi.

Nikamwambia, daktari, mimi nashinda saluni kwenye joto la draya za kukaushia nywele, hiyo baridi imenipatia wapi? Hakucheka. Akasema haihusiani na hali ya hewa. Ni walinzi wa mwili wamechanganyikiwa, badala ya kupiga wezi wanawapiga wenye nyumba, na nyumba yenyewe ndiyo viungo vyangu. Wasipozuiwa mapema vidole vitapinda, na vikishapinda havinyooki tena. Mimi nasuka tangu nina miaka kumi na sita. Ukinitoa vidole, umebakiza nini? Mdomo tu.

Dawa ni vidonge vidogo vya njano. Vinne kwa mpigo kila Jumatano, basi, mpaka Jumatano nyingine. Daktari ameandika "mara moja kwa wiki" na kupigia mstari. Ijumaa kuna kidonge kingine cha kuukinga mwili. Kila wiki mbili nipimwe damu. Amenipa chupa ya miezi mitatu, maana anasema inaweza kuchukua muda wote huo kabla sijaona tofauti. Miezi mitatu! Mteja akikaa kwangu saa tano anataka kuniitia polisi.

Usimwambie mtu. Mama Saluni nimemdanganya kwamba nimeteguka mkono kwa kubeba ndoo. Unajua kiti changu cha kusukia cha dirishani kilikuwa cha nani kabla yangu. Macho yake yalipopungua, Mama Saluni alimhamishia mlangoni akunje taulo, na baada ya mwezi mmoja hatukumwona tena. Anayejua kidogo ni Mpole wa kiti cha pili, aliyepewa jina hilo kwa utani maana ulimi wake ni wembe. Asubuhi ananifungulia chupa za shampuu na haulizi kitu.

Kesho ndiyo Jumatano ya kwanza.

Dada yako

5 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo na gari la mradi wa bwawa, na kwa kuwa linarudi mjini kesho asubuhi nakujibu papo hapo.

Pole sana. Lakini nashukuru kwamba sasa jina limejulikana, kwa sababu kitu chenye jina kina utaratibu wake. Nakuomba, dada, fuata ule utaratibu. Tundika karatasi ya daktari mahali unapoiona. Kila asubuhi angalia inakuchukua dakika ngapi mpaka ngumi ifunge, andika. Baada ya wiki kumi utakuwa na kitu cha kumwonyesha daktari, badala ya kumsimulia tu kwamba "inauma sana". Kipimo cha damu usikikose hata kimoja.

Pia mwambie Mama Saluni ukweli. Uongo wa ndoo una miguu mifupi. Ndoo gani hiyo ya mwaka mzima?

Na ninakwambia hili kwa heshima: mimi naona hii ndiyo iliyokuwa ya Mama. Vidole vyake vilianza hivyo hivyo, asubuhi kukaza, mchana kulegea. Tafadhali usiichezee.

Siwezi kuja kabla ya mwezi wa saba. Mwenzangu aliacha kazi na hakuna mwingine wa kusoma vipimo.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sasa nisikilize na mimi.

Mama usimwingize. Mama alikuwa na mikono mizuri akitaka, na mikono mibaya palipo na kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nafua, nachota maji na kukubeba wewe mgongoni, huku yeye amekaa kwenye kigoda anajikanda vidole. Ukinambia ninafanana naye unanitukana. Mimi sijawahi kukaa.

Na huo ushauri wako wa kutundika karatasi! Nyumba hii ina wapangaji wanne na choo kimoja, kila mtu anaingia kuomba chumvi. Nitundike ugonjwa wangu ukutani wausome?

Haya, ngoja nikupe habari za hiyo Jumatano yako tukufu. Ya kwanza nilimeza vinne. Alhamisi nikaamka kichwa kizito, tumbo linapanda na kushuka, mate yamejaa mdomoni. Nikaenda kazini hivyo hivyo. Ya pili ikawa mbaya zaidi. Alhamisi ile nilitapika mara mbili kwenye choo cha saluni, maji nimeyafungulia ili wasisikie, kisha nikarudi kwa mteja aliyetaka mistari myembamba. Kitana kikaniponyoka. Nikamkata kidogo na ncha ya kitana nyuma ya sikio. Akapiga kelele saluni nzima ikageuka. Mama Saluni akaniangalia, kisha akaenda kumwomba mteja radhi yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya.

Nikakaa, nikafikiri kwa akili yangu ya kazi. Sisi dawa kali ya kulainisha nywele hatuimwagi kichwani kopo zima. Unagawa kichwa sehemu, unapaka kidogo kidogo, unamtazama mtu usoni, ukiona anavumilia unaendelea. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita na sijamchubua mtu. Sasa kwa nini tumbo langu nilibebeshe vidonge vinne vikali siku moja halafu siku sita nikae bure huku vidole vinaliwa?

Kwa hiyo tangu jana nimegawa. Kidonge kimoja kila siku, baada ya chai. Jana kimoja, leo kimoja, na sijatapika. Mwanzoni nilipanga kimoja kwa siku nne tu, ili hesabu ya daktari isibadilike. Lakini kama kimoja hakinidhuru, kwa nini nisiongeze siku zilizobaki nikapona mapema? Miezi mitatu mimi sina. Mama Saluni hana.

Nakujua, umeshafungua mdomo. Ufunge. Nilikuwa namaliza vitabu vya shule na wewe hujajua kufunga viatu.

Dada yako

7 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mvua imelichukua daraja la mto mdogo tangu tarehe kumi na nane, na gari la mradi halijapita. Sijapata barua yako yoyote toka ile ya kwanza. Hii nampa fundi wa mitambo anayevuka kwa miguu akaitafute barabara kuu, atakuletea saluni mwenyewe.

Nina wasiwasi kwamba nilikuudhi kwa habari za Mama. Kama nilikuudhi, nisamehe. Huku nikikaa peke yangu na maji haya nasahau namna watu wanavyozungumza. Niliandika kama ninavyoandika ripoti.

Nimehesabu kwamba kesho ni Jumatano yako ya sita. Daktari alisema miezi mitatu, kwa hiyo umekaribia nusu ya njia. Naamini umeyapita yale mabaya ya mwanzo. Umekuwa jasiri kuliko mimi, na nilitaka ulijue hilo hata kama barua yako imekwama huko.

Mdogo wako

13 Aprili

Mdogo wangu,

Fundi wako ameleta barua, viatu vimejaa matope, Mama Saluni akamfukuza kabla sijamshukuru. Kumbe hujapata yangu! Basi iko ofisini kwa mradi imelala, na hii nitaipeleka huko ilale nayo. Mtazisoma pamoja, wewe na maji yako.

Nimekusamehe. Ila usiniite jasiri, nimechoka kupita kiasi.

Mdomoni nimetoka vidonda. Ndani ya midomo, chini ya ulimi, mpaka kooni. Chai nainywa ikiwa imepoa. Chakula nakisaga kama cha mtoto. Na nywele, mdogo wangu, nywele zangu zinatoka. Nilichana asubuhi zikabaki kwenye kitana shungi zima. Msusi mwenye upara, umewahi kuona? Nafunga kitambaa, wateja wanasema nimependeza. Kuna alama za bluu mapajani na sikumbuki kujigonga.

Lakini sikiliza, nadhani ndiyo inafanya kazi. Ile dawa ya nywele isipowasha kidogo, ujue haijashika. Mteja akilia "inawaka", ndipo unajua nywele zinalegea. Na vidole kweli vimepungua uvimbe, cha kati naweza kukikunja. Sasa nikiacha kwa ajili ya vidonda vya mdomo, si nitakuwa mjinga? Nimekwenda mbali mno kurudi nyuma.

Damu sijapima. Mara ya kwanza tulikuwa na maharusi wanne kwa mpigo. Mara ya pili niliogopa tu, nasema ukweli, maana daktari angeniuliza nameza vipi, na mimi yule mama siwezi kumdanganya usoni. Nitakwenda chupa ikiisha. Vimebaki kumi.

Nina hasira, mdogo wangu. Hasira na kila mtu. Nina hasira na wateja wenye shingo nzima na mikono mizima wanaolalamika kwamba nachelewa. Jana nilimgombeza Mpole kwa sababu alinifungulia chupa kabla sijamwomba.

Dada yako

23 Aprili

Dada,

ACHA. Usimeze hata kimoja. Kama umeshikilia barua hii, weka chini kazi uliyonayo uende hospitali sasa hivi na chupa mkononi, uwaambie ulikuwa unameza kila siku. Sema "kila siku". Usipambe, usipunguze.

Gari limefika leo na barua zako mbili. Nimezisoma zimefuatana, nimesimama hapo hapo pembeni ya gari. Nimehesabu: vinane vya Jumatano mbili, kisha kimoja kimoja tangu tarehe kumi na nne. Leo chupa imeisha. Kuna muuguzi aliyekuja na gari hili kuwapima wafanyakazi, nikamsomea ile sehemu ya vidonda. Alinipokonya karatasi, akaisoma mwenyewe, akainuka. Amesema dawa hii inapewa mara moja kwa wiki ili mwili upate siku za kujijenga. Ukiimeza kila siku damu haipati nafasi ya kutengenezwa. Vile vidonda si dalili kwamba imeshika. Ni sumu, dada. Watu wanakufa hivyo.

Redio ya hapa ni ya maji tu. Tunaruhusiwa kusema kina kimefika wapi na mlango gani umefunguliwa. Leo nimeitumia kwa ajili yako. Nimeomba ofisi wapige simu saluni, na nimewaambia kila kitu ili wasije wakakudhania unaumwa tumbo. Najua ulinikataza. Nigombeze ukiwa hai.

Mdogo wako

25 Aprili

Kaka,

Hunijui ila nadhani umeshanisoma. Mimi ndiye Mpole. Dada yako yuko hospitali, hawezi kuandika kwa sababu ya sindano iliyo mkononi, na pia kwa sababu hataki. Amesema nikwambie amekufa. Hajafa.

Simu yenu iliingia juzi mchana saluni imejaa. Aliyeipokea ni Mama Saluni, mkono mmoja una rangi ya nywele, kwa hiyo akaiweka kwa sauti. Mtu wa ofisi akasema yote: ugonjwa wa viungo, vidonge, kila siku, hatari. Wateja sita wamesikia. Dada yako akacheka, akasema ana mdogo wake bwawani ameingiwa na wazimu kwa upweke, akaendelea kusuka. Nilimfuata, nikamshika taya nikamfungua mdomo kama unavyomfungua mtoto aliyemeza kifungo. Kaka, nilichokiona sitaki kukisimulia. Nilimvua aproni mimi mwenyewe.

Damu yake imekutwa chini sana, zile chembe za kupigana na magonjwa na zile za kuzuia kutoka damu. Wanamchoma dawa inayozima ile ya kwanza. Wamemweka chumba cha peke yake, tunavaa barakoa kuingia. Daktari wa viungo alikuja, akakaa kitandani, akamwuliza nani alikwambia ugawe? Akajibu, "Hakuna. Ni mimi." Daktari akavua miwani akaifuta muda mrefu. Amesema siku mbili tatu nyingine za kuchelewa zingekuwa na hadithi tofauti.

Ana hasira nawe, na ndiyo anayoishi nayo, kwa hiyo usimwondolee. Mimi hasira yangu ni yangu mwenyewe. Miezi sita namfungulia mtu chupa kila asubuhi, na sikumwuliza hata siku moja kwa nini.

Mpole

30 Aprili

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia.

Mpole amenieleza. Sitaomba radhi kwa redio. Nimepewa onyo la maandishi na nimelitia saini kwa furaha. Kwa wale wateja sita, naomba radhi.

Kuna jambo nililopaswa kukwambia kabla hujameza kidonge cha kwanza. Uliandika kwamba Mama alikuwa na mikono mizuri akitaka. Nimelisoma mara nyingi na kila mara napata aibu, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu.

Mama alikuwa na karatasi, dada. Nilikuwa na miaka kumi na tano, wewe umeshaondoka nyumbani na kuhamia kwako. Alirudi kutoka kliniki akanipa nimsomee, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Ilisema kama yako: ugonjwa wa viungo, dawa, mara moja kwa wiki, vipimo. Alimeza wiki tatu. Akatapika, akaziweka zile dawa juu ya kabati, akasema bora maumivu anayoyajua. Akaniambia nisimwambie mtu, hasa wewe, kwa sababu ungekuja kumgombeza. Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana, kama mtoto mzuri.

Ulipokuwa unakuja siku za sikukuu, alikuwa ameshavaa na kukaa kabla hujafika. Ulimkuta amekaa, ukasema anajidekeza. Ni mimi niliyekuwa nimemvalisha. Nilimfunga vifungo vya gauni kila asubuhi kwa miaka minne, mpaka alipofariki, kwa sababu vidole vyake havikuweza. Ningesema neno moja tu ungemburuta kliniki kwa nguvu, nakujua.

Ndiyo maana nilikuandikia kama ripoti. Sikujua njia nyingine ya kupiga kelele.

Mdogo wako

12 Mei

Wewe,

Sikuiti mdogo wangu leo. Mpole ndiye ananishikia karatasi isiteleze, mwandiko ni wangu.

Miaka ishirini na moja umenificha. Nilimwambia mama yangu mzazi mbele ya wageni kwamba mikono yake inaumwa tu palipo na sufuria. Na wageni wakacheka, na yeye akacheka nao. Na wewe ulikuwepo! Ulikuwa umesimama mlangoni na sinia! Ulinyamaza ukagawa vikombe!

Nimelia mpaka muuguzi akadhani ni maumivu akaniletea kidonge. Nikamwambia vidonge nimevichoka.

Kwa sababu ndiyo hivyo, nimevichoka. Damu imepanda, wananiruhusu keshokutwa. Daktari anasema tutaanza tena ile ile ya njano, viwili tu kwa wiki na kupima damu kila wiki, kisha apandishe pole pole. Nimemwambia sitaki. Kitu kilichotaka kuniua nikirudishe mdomoni kwa hiari yangu? Vile vidole vilivyokuwa vimepungua, tangu niache vimevimba tena, leo nimeshindwa kujifuta uso. Akanijibu kwamba dawa haikutaka kuniua, ni mimi niliyeitumia vibaya, na kama naogopa kuna nyingine za kujaribu, ila hii ndiyo anayoiamini na nisikae bila yoyote. Amesema niamue kabla ya Jumatano ya wiki ijayo.

Kila mtu ananiambia nifanye nini. Nawe bila shaka umeshachora jedwali.

Dada yako, kwa bahati mbaya

14 Mei

Dada,

Sijachora jedwali. Sitakwambia umeze, wala usimeze.

Nilikuwepo mlangoni, ni kweli. Sinia lilikuwa na vikombe saba. Mama aliponitazama nilijua ananiomba ninyamaze, nikaona kumtii ndiyo kumpenda. Nilikosea. Sina maelezo mengine, na sitaki yapatikane.

Nimeomba ruhusa nije wiki hii. Wamekataa, maji bado yako juu na mtu wa pili hajapatikana. Nimekasirika hadi nimeandika kipimo cha leo kwenye mstari wa jana.

Uamuzi wako wowote, niandikie ukweli wake. Hilo tu.

Mdogo wako

24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba za wiki zote ulizonisalimia nikakataa kuitikia.

Ulitaka ukweli. Tarehe ishirini Mei nilikaa na vile vidonge viwili kwenye kiganja toka chai mpaka saa sita. Nilimfikiria Mama na kabati lake. Nikavimeza kwa hasira, nikamtukana kila mtu ninayemjua, wewe wa kwanza. Alhamisi nilitapika. Nikampigia daktari, akabadilisha saa za kumeza na kunipa cha kuzuia kichefuchefu, akasema nilipaswa kumwambia hilo tangu mwezi wa tatu. Nikamwambia najua, asante, nimeshaambiwa. Leo ni Jumatano yangu ya sita, sasa amenipandisha viwe vitatu. Damu napimwa kila wiki, mpaka mtoa damu ananiuliza habari za nyumbani.

Vidole havijarudi. Nakwambia hivyo kwa sababu watu wanapenda kusikia vimerudi. Asubuhi bado vimekaza saa nzima na dakika kumi na tano. Ndiyo, ninaandika, ila ukinicheka nitaacha. Daktari amesema tusubiri mpaka mwezi wa nane ndipo tujue, na kidole kidogo cha kulia kimeshapinda, hicho tumekipoteza.

Mama Saluni nilimwendea mwenyewe, ingawa ile simu ilishamwambia nusu, nikamwambia ugonjwa, jina, dawa, uongo wa ndoo. Akasema alijua ndoo haikuwepo. Kisha akaninyang'anya kiti cha dirishani. Amempa Mpole. Mimi naingia mchana vidole vikishalegea, nasuka rasta nene tu, na wateja wa mistari myembamba nawakabidhi kwa watu wengine huku natabasamu kama nimefungwa pini. Nilitaka kuacha kazi siku hiyo hiyo. Mpole akasema acha, halafu utakula nini, hasira? Nikabaki. Bado inaniuma kila nikiingia mlangoni.

Sasa nikupe la jana. Nywele zangu zimeota tena, fupi, zimesimama kila upande, na kuzichana siwezi, mkono haufiki kisogoni. Tangu nina miaka kumi na sita hakuna mtu aliyenigusa kichwa. Nilikuwa najisuka mwenyewe kwa vioo viwili, na wote pale wanajua. Jana saluni ilipopoa Mpole akazungusha kiti, ndicho hicho cha dirishani, akapiga kitambaa kukikung'uta, akasema "Kaa." Nikamwambia sikai. Akasema, "Mama weee, mimi sikuombi. Kaa."

Nikakaa. Mdogo wangu, hujui ilivyo kukaa pale. Unaona dari. Unaona mikono ya mtu kwenye kioo na huwezi kuifanya iende unavyotaka. Alipoanza kugawa nikamwambia anza upande wa kushoto, nywele zangu zinalala upande wa kulia. Akaanza upande wa kulia. Nikamwambia unavuta sana mbele. Akanigonga utosini na kitana, akasema wateja hawaongei. Wale wasichana wa kuosha nywele wakacheka, na Mama Saluni naye akacheka huko alipo.

Nilikaa saa mbili, mikono yangu imelala mapajani haina kazi, na hakuna aliyeitazama. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alinifanyia kitu nikamwacha akimalize.

Alipomaliza akanipa kioo cha nyuma. Mstari wa tatu umepinda, mdogo wangu. Umepinda wazi, mtu yeyote anauona toka barabarani, na mimi mwanafunzi wangu angenisukia hivyo ningemfumulisha kichwa chote aanze upya. Mpole alikuwa amesimama nyuma yangu na kitana, anasubiri.

Nikamwambia umenisuka vizuri, asante. Nitakaa nazo wiki tatu.

Dada yako